Kuvuta Kituo

Asubuhi ile Yusta Tweve alifika kituoni amelowa hadi kiunoni, meno yanagongana, na mtu wa kwanza kumwona akacheka.

Aliyecheka ni Mwenyekiti wetu wa kijiji, Yoramu Mahenge. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya taa ya joto, kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, mkononi, jua hata halijachomoza vizuri, jamani. Taa ile iliwekwa kwa ajili ya watoto. Imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye chuma chenyewe, JOTO LA WANAFUNZI. Lakini ukifika kituo cha Lwandiga asubuhi ya baridi utawakuta watu wazima na ndevu zao wameizunguka, wananyoosha viganja, na watoto wamejipanga nyuma yao kwenye umande ulioganda. Nilishawafukuza mara nyingi kwa maneno makali. Wananiambia Mama Enea una mdomo. Ninao, sikatai, na sijaona aliyenipa kazi ya kuufunga.

Mimi ni mlezi wa basi. Kazi yangu ni kuwapandisha watoto, kuwafunga mikanda, kwenda nao shuleni, bonde la tatu kutoka hapa, na kurudi nao jioni. Basi lenyewe halina dereva. Lina macho ya vioo mbele na nyuma na linaongea Kiswahili cha redio. Tulilipa jina Mkwe tangu wiki ya kwanza, kwa sababu halina utani na mtu. Likisema linaondoka, linaondoka, hata kama mtoto unamwona pale anakimbia.

Na Yusta ndiye aliyekuwa akikimbia siku zote. Ana miaka tisa, anaishi na baba yake upande wa Ng'ambo, nyumba ya peke yake ng'ambo ya bonde. Asubuhi ile daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji, naye akavuka kijito kwa miguu. Nilimpandisha, nikamvua sketi nyuma ya viti, nikamvisha sweta la mwanangu Enea na kumfunga kitenge changu. Miguu yake ilikuwa ya rangi ambayo mguu wa mtoto haupaswi kuwa nayo. Bangili yake mkononi ilikuwa imegeuka njano kwa sababu ya siku nyingi alizoachwa na basi. Ikigeuka nyekundu, mtoto anatolewa kwenye basi, na bila basi hakuna shule, maana hakuna mguu wa miaka tisa unaokata mabonde matatu kwenda na kurudi.

Wakati nampangusa, Mkwe likaongea juu ya vichwa vyetu kwa ile sauti yake nzuri.

"Wastani wa mwendo wa watoto wa Lwandiga hadi kituoni ni dakika nne. Lwandiga ni kijiji cha mfano. Hongera, mlezi."

Nikaendelea kumpangusa miguu.

*

Ili mtu asinione nina wazimu, nieleze jinsi kituo chetu kinavyofanya kazi.

Siyo kibao kilichochimbiwa ardhini. Ni mlingoti wa chuma wenye magurudumu matatu, taa ya joto kichwani, na matundu ya umeme kiunoni, na unatembea wenyewe. Kila mtoto anavaa bangili, na akilala, bangili inajua amelala wapi. Mlingoti unachukua mahali pote watoto walipolala, unapiga hesabu ya hatua zao zote kwa pamoja, kisha unatafuta pale ambapo jumla ya hatua hizo ni ndogo kuliko kwingine, na unasogea hapo. Penye watoto wengi panauvuta. Aliye peke yake anavuta peke yake. Fundi aliyeuleta alituchorea haya kwa kijiti chini kwenye mkutano, tukapiga makofi, na kweli mwanzoni ulisimama pale darajani, katikati ya Juu, yaani nyumba zetu zilizotawanyika kilimani hadi kijitoni, na Ng'ambo, kila mtu akaona haki.

Fundi hakusema itakuwaje watu wakihamisha vitanda, na sisi hatukumuuliza.

Umeme wa mlingoti ni wa bure kwa yeyote aliye karibu nao, ili watoto wachaji vitabu vyao. Kwenye milima hii, umeme wa bure ni kitu cha kumtoa mtu akili. Mwenyekiti alianza kidogo kidogo. Wapwa zake wawili wakaja kulala kwake. Mlingoti ukapanda kilima hatua chache. Akaleta wa shemeji yake, ukapanda tena. Kisha siku moja kanisani, baada ya matangazo, akasimama na kukumbusha kwamba zamani za mababu zetu wa Kikinga wasichana walilala pamoja nyumba moja, wakafundwa na kulindana, na kwamba tumeipoteza mila nzuri kwa sababu ya uzungu. Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali, wengine machozi yakawalenga. Wiki haikuisha, wasichana wote wa Juu wakawa wanalala kwa Mwenyekiti, na mlingoti ukawa umesimama uani kwake, umechomekwa nyaya za kikaangio cha chipsi, mashine ya kunyolea na friji ya bia.

Wavulana hakuwataka. Wavulana wangekula viazi vyake.

Kijiji kizima kilijua. Kila mzazi aliyetoa binti alipewa nafasi ya kuchomeka waya wake, na watu wakalipa jambo hilo jina bila hata kuona aibu, wakasema wanavuta kituo. Mimi nina mtoto wa kiume tu, kwa hiyo kila nilipofungua mdomo niliambiwa huna binti, huna la kusema. Obadia Tweve, baba yake Yusta, ndiye peke yake aliyekataa. Alisema mwanangu ana kitanda chake, alichochongewa na mimi mwenyewe, na atalala humo. Nilimheshimu sana kwa neno lile. Lakini kila binti aliyehamia Juu aliusogeza mlingoti mbali zaidi na Yusta.

Niliwahi kuliuliza Mkwe, tukiwa wawili tu njiani, kwa nini lisimtazame yule anayetembea zaidi kuliko wote. Likanijibu kwamba swali hilo halimo.

*

Siku ile ya kijito, jioni baada ya kuwashusha watoto, sikwenda nyumbani. Niliwafuata wasichana.

Nilikuwa nimesikia tu habari za nyumba ya mila, sijawahi kuingia. Nikadhani angalau ni nyumba. Ilikuwa ghala la viazi. Mke wa Mwenyekiti alijaribu kunizuia mlangoni kwa mazungumzo ya afya ya mama yangu, nikampita.

Harufu ndiyo iliyonipokea, harufu ya viazi vilivyooza, mkojo, na ile dawa ya ukungu tunayopulizia mashambani, ambayo hata mwanaume mzima akiipuliza anafunga kitambaa puani. Madumu ya dawa yalikuwa yamepangwa ukutani, mengine yakivuja. Wasichana walilala juu ya magunia, wawili wawili na watatu watatu, chini ya mablanketi yaliyokuwa magumu kwa uchafu. Kwenye pembe kulikuwa na ndoo, imejaa, na kifuniko chake kilikuwa kipande cha boksi. Dirisha lilipigiliwa mbao, nikaambiwa ni kwa usalama wao. Nikainua blanketi moja nikaona kunguni wanakimbilia kwenye mshono, wamenona.

Tabia, mpwa wake mwenyewe Mwenyekiti, alikuwa ameketi juu ya gunia anajikuna katikati ya vidole mpaka damu. Nikamshika mkono. Upele. Nikamshika wa pili yake, upele. Nikawauliza kwa nini hawakuniambia, kila siku nawafunga mikanda kwa mikono yangu hii. Tabia akajibu kwamba waliambiwa wakisema, kituo kitaondoka na itakuwa kosa lao.

Ukutani palikuwa na cheti kilichotundikwa kwa msumari, cha kijiji cha mfano. Mtu alikuja na nyundo, akachagua mahali, akapigilia kile cheti humo ndani, akatoka. Sijui mtu huyo alivuta pumzi vipi.

Nilitoka nje. Chini ya taa ya joto wanaume walikuwa wanakula chipsi. Mmoja akanikaribisha.

*

Nilimwambia Mwenyekiti yote, mbele ya watu, na sikuchagua maneno. Nilimwambia amewageuza watoto wa watu mawe ya mizani. Nilimwambia Yusta atapoteza miguu au atapoteza shule ili yeye auze chipsi. Na nikamkumbusha kwamba Jumatatu ya pili kutoka hapo ndiyo siku ya kufunga kituo, kwa mara ya kwanza tangu kiletwe. Mara moja kwa mwaka Mkwe linamuuliza mlezi swali, na likiridhika na jibu, mlingoti haubanduki tena hadi mwaka mwingine. Mlezi akisema watoto hawalali makwao, kituo kinapelekwa njia panda ya lami kwa mwaka mzima, mbali na kila mtu. Ndiyo adhabu, na kila mtu anaijua.

Mwenyekiti akaacha kutafuna. Siyo mtu wa kugombana, ana ile sauti ya mtu anayekufunika shuka. Akasema Mama Enea amesema kweli, tumejisahau, tuitishe mkutano.

Nikarudi nyumbani nimeshiba ushindi wangu.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti akaomba msamaha, akasema ghala litafungwa, na kwamba tatizo letu lilikuwa moja, kwamba neema ilikaa kwa mtu mmoja. Basi tufanye kama kina mama wanavyofanya. Na hapo akaonyesha mkono kwenye kikundi chetu, sisi wanawake tunaocheza upatu, tunaochanga kila mwezi na kumpa mmoja wetu mkupuo, kisha mwezi unaofuata mwingine. Wasichana watalala kwa zamu. Mwaka huu kwa huyu, mwaka ujao kwa yule, na mlingoti utawafuata, kila nyumba itaonja. Itakapofika siku ya kufunga, watakuwa kwa yule ambaye kura itamwangukia, na hao wengine watavuta nyaya kutoka kwake kwa makubaliano.

Nilidhani watu watazomea. Walishangilia. Mama mmoja tunayecheza naye upatu aligeuka akanishika bega kwa furaha, akasema umetusaidia sana, mwenzetu. Walijadili kwa moyo mweupe kabisa. Waliuliza kama mwenye nyumba ndogo atapewa muda mrefu zaidi, kama mjane atangulie, kama mtu anaweza kuuza zamu yake. Sijawahi kuona mkutano wa haki namna ile. Watoto wenyewe walikuwa wamekaa nje kwenye nyasi wanajikuna.

Mwenyekiti akasema kwa kuwa Baba Yusta ndiye aliyeumia zaidi, na ili kumaliza uchungu wa Mama Enea, zamu ya kwanza iende Ng'ambo, na kituo kifungwe huko huko mwaka huu.

Watu wote wakamtazama Obadia Tweve. Mimi pia nilimtazama, na nilikuwa na uhakika naye kama ninavyojua jina langu. Alisimama, akavua kofia. Akashukuru, akasema amekubali.

*

Wakavuka bonde Jumatatu jioni, mstari mmoja, magodoro na magunia vichwani, wadogo wakiburuta mablanketi kwenye matope. Mlingoti ukasubiri siku mbili, ukajiridhisha, kisha ukashuka kilima na kupanda cha pili, na asubuhi ukawa umesimama mlangoni kwa Yusta, karibu kabisa, angeweza kuugusa akiwa bado ana mswaki mdomoni.

Sitasema uongo. Asubuhi ya kwanza nilifurahi. Mtoto alipanda basi mkavu, ana soksi, nywele zimechanwa. Bangili yake ikaanza kurudi kijani. Alikaa dirishani, akaniimbia wimbo mzima wa mito ya nchi yetu aliofundishwa shuleni, na mimi nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake ikitoka bila kuhema. Nilimtazama nikajiambia, Eda, labda imetosha. Labda dunia haina safi, chukua hiki.

Kisha nikamwona Tabia. Alikuwa amelala usingizi kwenye kiti, kichwa kinagonga kioo, na shingoni alikuwa na kinyesi cha mbuzi kilichokauka.

Jioni niliingia uani kwa Obadia. Wasichana walikuwa kwenye banda la mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa nje. Alikuwa amemwaga maranda ya mbao juu ya samadi, akaona amefanya usafi, na chini ya maranda samadi ilikuwa bado mbichi, inatoa mvuke. Yusta alikuwa ndani ya nyumba, kwenye kitanda chake cha kuchongwa. Baba mtu alikuwa kwenye mashine mpya ya kuranda mbao, waya unatoka moja kwa moja kwenye mlingoti, amevaa miwani ya plastiki, anapiga mluzi.

Alizima mashine aliponiona. Nikamuuliza yuko wapi yule mwanaume aliyesema mtoto ana kitanda chake.

"Wangu anacho," akasema.

"Na hawa?"

"Hawa wana baba zao, Mama Enea. Baba zao ndio waliowaleta." Akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Mwaka mzima nilimpaka mwanangu mafuta miguuni kila jioni, na hakuna mtu wa Juu aliyekuja kuuliza. Wewe ulikuja, nakushukuru. Ulitaka kituo kisogee, kimesogea. Sasa unataka nini tena?"

Mimi mwenye mdomo nikatazama chini. Maana alikuwa na haki ya kuuliza. Nikajiona nimesimama kwenye ule uvundo, kandambili zimezama, na kitu nilichokuwa nimekipigania kiko ndani pale kimelala vizuri. Nilichukizwa na Obadia. Nilichukizwa zaidi kuona jinsi ninavyomwelewa.

Usingizi haukunijia vizuri siku zilizofuata. Nikisema hapana mbele ya Mkwe, kituo kitakwenda njia panda ya lami, na wasichana watalala makwao. Lakini kila mtoto atatembea, na Yusta atatembea kuliko wote, mbali kuliko hata mwanzo, na bangili itageuka nyekundu kabla ya mvua kwisha. Nikisema ndiyo, Yusta anasoma, na wengine wanahamishwa kama sufuria za harusi, nyumba hadi nyumba, mwaka baada ya mwaka, mpaka waolewe. Nilimweleza mwanangu Enea, ambaye ana miaka kumi na mbili na hupenda kulala. Akauliza kama yeye pia atatembea. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi usiniulize mimi.

*

Jumatatu ya kufunga kituo ilikuwa na ukungu. Kijiji chote kilihamia Ng'ambo kushuhudia, kana kwamba ni ubatizo. Walileta ulanzi. Mwenyekiti alivaa koti. Nyaya zilikuwa tayari zimetandazwa chini kutoka mlingotini, zimepita juu ya kijito kwenye nguzo za mianzi, zinasubiri tu.

Niliwapandisha watoto, nikafunga mikanda. Mkwe halikuondoka. Milango ikabaki wazi.

"Mlezi wa Lwandiga," likasema, na nje watu wakatulia. "Kituo kinafungwa kwa mwaka. Thibitisha. Watoto wote hulala makwao?"

Nilimwangalia Yusta. Alikuwa kiti cha mbele, miguu inaning'inia, viatu vikavu. Alinitabasamia, kwa sababu alidhani namwangalia kwa wema tu. Nilitamani awe mtoto mwenye kiburi, au mwizi, au awe amewahi kunitukana hata mara moja.

Nje Mwenyekiti akanikubalia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka mstari wa Biblia.

"Hapana," nikasema.

"Rudia."

"Hapana. Hawalali kwao. Wamelala ghalani, sasa wanalala kwenye banda la mbuzi. Wanahamishwa ili kituo kihame. Wana upele."

Mkwe likasema limepokea, na kwamba kituo kitasimama njia panda ya lami hadi mwaka ujao. Halikusema pole wala hongera. Taa ya joto ikazimika. Mlingoti ukakunja kichwa, ukageuza magurudumu, ukaanza kushuka kilima.

Hapo ndipo nilipowaona watu wangu. Kwanza walisimama tu. Kisha nyaya zikaanza kukatika, moja baada ya nyingine, mashine ya Obadia ikaburutwa mpaka mlangoni na kuanguka, na wanaume wakaruka. Walikimbilia ule mlingoti wakaukumbatia. Mwenyekiti na koti lake, amelala juu ya chuma, miguu inakokotwa kwenye matope. Obadia ameshika gurudumu. Mzee wa kanisa ameng'ang'ania waya kwa mikono miwili, analia. Wanawake wa upatu wetu walikuwa wanatupa mawe mbele yake ili usipite. Ulanzi umemwagika, watu wanatelezea humo, wanakanyagana, na mlingoti unashuka nao mwendo ule ule, hauwasukumi wala hauwangoji. Sikuwahi kuona mtu mzima akishikilia mtoto wake kwa nguvu zile.

Watoto wote walikuwa wamebandika nyuso kwenye vioo wanawatazama baba zao na mama zao. Hakuna aliyecheka.

Tabia akageuka, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo leo nalala kwetu?"

Nikamwambia ndiyo, leo unalala kwenu. Akaanza kulia, na sikujua kama ni furaha.

Yusta alikuwa na akili ya kutosha kujua njia panda ya lami iko wapi. Alivuta soksi zake juu, zote mbili, akaziweka sawa, akatazama mbele.

*

Kesho yake niliamka mapema kuliko kawaida. Mlangoni kwangu palikuwa pamemwagwa ndoo, na harufu yake niliijua. Nikairuka. Enea alikataa kuongozana nami, akasema atakwenda wenzake wakishatangulia, ili asionekane. Nikamwachia.

Nilishuka bonde peke yangu, nikavuka kijito kwa mawe, nikapanda Ng'ambo. Nilikuwa nimeamua njiani. Nitamchukua Yusta kila siku na kumfikisha lami kabla ya Mkwe, kwenda na kurudi, na akichoka nitambeba. Hilo halimalizi kosa lolote. Lakini lilikuwa ndilo lililobaki mikononi mwangu, nami sikutaka kulieleza kwa mtu.

Obadia alikuwa amesimama mlangoni na taa ya mkononi. Nikamsalimu. Hakujibu. Akamsukuma mtoto nje kidogo, kwa kiganja mgongoni, kwa sababu pamoja na yote hakutaka aachwe, kisha akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Yusta alisimama mbele yangu na mkoba wake, amefungwa kilemba masikioni. Kila asubuhi, hata ile ya kijito, meno yakigongana, mtoto huyu hajawahi kuacha kuniamkia. Sasa alifungua mdomo, akaufunga.

"Baba amenikataza kukuamkia," akasema.

Pale nje palikuwa na baridi ya kukata masikio, na njia yote ya kushuka ilikuwa imeganda.

"Basi usiniamkie," nikamwambia. "Nishike mkono, hapa panateleza."